Kilio Kilichoandikwa

Kazi ya Kandida ilikuwa kuwauliza watu jinsi wafu wao walivyokufa. Ukiisikia hivyo utadhani ni kazi ya kichawi, kumbe ilikuwa kazi ya ofisi kama nyingine, yenye mshahara, likizo na baiskeli mpya. Katikati ya miaka ya tisini mradi mmoja wa afya ya watoto ulifungua ofisi Ifakara, nyumba ya bati nyuma ya soko, na wahojaji wake wakawa wanaingia kila nyumba iliyofiwa na mtoto. Waliofia hospitali walijulikana wamekufa kwa nini. Waliofia nyumbani na mashambani, ambao ndio wengi, walizikwa na sababu zao. Basi Kandida aliketi na mama wa marehemu, au bibi, au shangazi, akauliza: homa ilianza lini, alitapika, alipumuaje, alishikwa na degedege? Ukurasa wa mwisho wa dodoso uliachwa mtupu, na hapo mhojaji aliandika kwa Kiingereza, kwa maneno yake mwenyewe, namna mtoto alivyougua mpaka akakata roho. Ukurasa huo ndio uliomponza Kandida.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa masista, masomo mengine vizuri, Kiingereza akaponea chupuchupu. Jambo hilo lilimkaa kooni. Na kama makusudi, mkuu wa mradi, Daktari Abdulkarim, alikuwa amesomea Uingereza na alikipenda Kiingereza kama wengine wanavyopenda mpira. Alikuwa mpole, mwembamba, hapandishi sauti. Kitu kimoja tu kilimtoa katika upole wake, nacho ni neno "very".

"Mtoto alikuwa very sick," alisoma Jumatatu moja mbele ya wahojaji wote. "Homa ikawa very high. Mama akawa very sad. Halafu akafa." Akaiweka karatasi mezani taratibu. "Jamani, hii ni supu ya maji. Huyu mtoto hata angekuwa wangu nisingelia. Wafadhili wanaletewa takwimu kila siku, na takwimu hazimlizi mtu. Mwaka kesho hatuna fungu la dawa. Nipeni maneno yenye damu."

Akabandika ukutani karatasi kubwa. Upande mmoja aliandika maneno aliyoyaita ya kivivu, upande wa pili maneno ya kuyabadilisha. Mtu asiwe "very tired", awe "exhausted", yaani yuko hoi. Asiwe "very hungry", awe "famished", njaa imemkaba. Na kulia kusiwe kulia tu kila mahali, maana Kiingereza, alisema Daktari, kina neno la mtoto anayepiga mayowe, lingine la anayelia kwa kwikwi, na lingine la yule aliyeishiwa nguvu akabaki kunung'unika chini chini. Kandida alisimama mbele ya karatasi ile kama mama wa kanisani mbele ya picha za Njia ya Msalaba.

Kuanzia hapo hakushikika. Akiwa juu ya baiskeli, jua la Lumemo, pembeni ya mji, likimchoma, alijisemea "scorching, scorching," mpaka akakaribia kumgonga mbuzi. Mvua ikimkuta njiani alifika ofisini amelowa chapachapa, na badala ya kutafuta nguo kavu akamtangazia kila mtu kwamba yeye ni "drenched". Alfonsi, mhojaji mwenzake, mtu wa Chita mwenye maskhara mengi, akampachika jina la Dikshenari.

"Dikshenari, tukale wali, au leo hujawa famished?"

"Endelea kucheka," Kandida alimjibu. "Wewe utazeeka na very yako."

Na kweli, juhudi zake zilionekana. Kila Jumatatu Daktari alisoma kwa sauti ukurasa uliompendeza kuliko yote, na mara nyingi ukawa wa Kandida. Zikaanza fununu kwamba mmoja wa wahojaji atapandishwa kuwa msimamizi na kupelekwa Morogoro kusoma mwaka mzima kwa gharama za mradi. Kandida aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote. Hakuna dhambi katika hilo. Binti wa mkulima aliyeshuka kutoka upande wa Mahenge na jembe begani akitaka kusoma, nani atamlaumu?

Sasa kuna jambo moja ambalo kila mhojaji wa bonde hili alilijua, na bila kulijua huwezi kuelewa alichofanya Kandida. Watu wetu hawampelekei mfiwa kifo kama kilivyo. Mtoto akifia mbali na mama yake, wanaobeba habari huipunguza makali njiani. Hata kama alirusha mikono na miguu kutwa nzima, mama ataambiwa, "Hakuteseka, alilala tu." Kila mtu anasema hivyo, kila mtu anaambiwa hivyo, na hakuna anayeuita uongo. Baba yake Kandida mwenyewe, aliyekufa kwa pepopunda, kwa mujibu wa wajomba alilala tu. Kwa hiyo wahojaji walipoambiwa mtoto alilala tu, waliinamisha vichwa na kuuliza tena kwa njia nyingine, na mara nyingi chini ya usingizi ule walikuta mambo ya kutisha.

Mwezi wa saba, mavuno yakiwa yanaendelea, Kandida alifika nyumbani kwa Bibi Brigitha kule Lumemo. Alimkuta peke yake uani, anapepeta mchele. Mwanawe, Nikodemu, alikuwa kwenye mashamba ya miwa, msimu wa kukata. Mkwe wake, Digna, alikuwa bado mbugani, kwenye mashamba ya bondeni, anapura mpunga. Mjukuu wake Teddy, mtoto wa kike wa miaka mitatu, alikuwa amefariki masika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vuta kigoda."

"Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa. Kazi ya Mungu."

Bibi Brigitha alieleza bila kusimamisha ungo. Masika ile alikaa na Teddy mbugani, juu ya dungu, kile kibanda cha miti chenye nguzo ndefu, wakiamia ndege wasile mpunga. Digna alirudi mjini kuuza kuku apate chumvi na mafuta ya taa. Nyuma yake mvua ikafunga, mto ukatapika, njia ikakatika. Teddy akaamka na homa. Bibi akampa vidonge vilivyokuwepo, akamfuta mwili kwa kitambaa cha maji. Mtumbwi haukuwepo, jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya maji. Jioni akamlaza mapajani.

"Kisha?"

"Akalala."

"Alilia?"

"Hakulia."

"Hata kidogo, bibi?"

"Alikuwa amechoka. Alilala tu. Kulipopambazuka nikaona mwili umepoa."

"Hakumwita mama yake?"

Hapo ungo ukasimama. "Hapana, mjukuu wangu," alisema Bibi Brigitha. "Alilala."

Kandida akaaga. Njia nzima alikuwa na hakika kwamba amefichwa jambo. Alikuwa ameisikia sentensi ile katika nyumba nyingi mno, na kila alipoichimba iliporomoka. Kwa bibi huyu hakuichimba zaidi, kwa sababu alikuwa mzee, na kwa sababu alimwonea huruma. Aliona amejua ya kutosha.

Alasiri, ofisini, alianza kuandika: mtoto alipata homa, akalala, akafa. Akaitazama sentensi. Supu ya maji. Hakuna mtoto wa miaka mitatu, alijiambia, anayekufa bila kumtafuta mama yake. Basi akaanza upya, na safari hii maneno yakaja yenyewe, kama yalikuwa yanamsubiri mlangoni. "Feeble", mnyonge asiyeweza hata kuinua mkono. "Whimper", kile kilio cha chini chini cha mtoto aliyeishiwa nguvu. "Hoarse", sauti iliyokauka. Akaandika kwamba Teddy alimwita mama yake usiku kucha, kwamba kilio kilishuka kidogo kidogo mpaka sauti ikakauka, na hata ilipokauka midomo iliendelea kuita. Akaandika maji yanavyopiga nguzo za dungu. Akaandika bibi anavyotazama gizani upande wa mjini. Alilia akiandika, machozi ya kweli, na machozi hayo yakamhakikishia kwamba anaandika ukweli.

Jumatatu Daktari Abdulkarim aliusoma ukurasa ule, akafika katikati, akavua miwani. Hakuna aliyecheka, hata Alfonsi. Ukurasa ukatumwa kwa wafadhili pamoja na taarifa ya nusu mwaka, na baada ya wiki kadhaa simu ikapigwa: fungu la dawa limepatikana, na vyandarua juu yake. Ofisi ikapika pilau. Daktari akamwita Kandida pembeni na kumwambia ajiandae, Januari anakwenda Morogoro. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba nyimbo za kwaya, watu wanamgeukia barabarani, na hakujali.

Mradi ulikuwa na utaratibu mzuri, nao ulikuwa kuwarudishia wananchi kile walichokisema. Kila mwisho wa mwaka ulifanyika mkutano, watu wakaambiwa watoto wao wanakufa kwa nini na wafanye nini homa ikianza. Mwaka ule mkutano wa Lumemo ulipangwa kwenye ukumbi wa kigango, kanisa dogo la pale, na kwa kuwa wageni wawili kutoka kwa wafadhili wangekuwepo, Daktari alitaka ukurasa uliowaliza usomwe kwa Kiswahili, usomwe na mwandishi wake.

"Lakini huyu ni mtoto wa hapo hapo Lumemo, Daktari," Kandida alisema.

"Kuna jina lake humo?"

"Hapana."

"Basi ni mtoto yeyote."

Hapo ndipo alipotakiwa kukataa. Alijua. Lakini Januari ilikuwa karibu, na tuseme kweli, alikuwa na hamu ya kusikika. Alikaa siku nzima akiutafsiri, na Kiswahili kikamfungulia ghala lake lote: kunyong'onyea, kugugumia, kukaukiwa, kuita bila sauti. Ulitoka mkali kuliko wa Kiingereza.

Ukumbi ulijaa. Wageni waliketi mbele, Daktari kando yao. Kandida alisoma vizuri, bila haraka, na alipofika kwenye dungu lililozungukwa na maji wanawake walianza kushika pembe za khanga. Alipofika kwenye midomo iliyoita bila sauti, mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alisimama katikati ya mabenchi. Kandida hakuwahi kumwona. Alikuwa Digna.

"Huyo ni Teddy wangu," alisema.

Alikaza mbeleko ya mtoto mgongoni.

"Dungu ni letu. Mafuriko ni yale. Mimi nilikuwa huku mjini nimekwama." Hakuwa analia. Alimtazama Kandida kama anayeuliza njia. "Dada, aliniita?"

Kandida aliona macho ya Daktari, macho ya wageni wanaongoja kutafsiriwa, macho ya Lumemo nzima. Angeweza kusema neno moja tu na mambo yakaishia pale, kwa aibu yake yeye peke yake.

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema.

Kutoka benchi la nyuma sauti ya kizee ilipasuka. "Sikusema hivyo mimi! Mtoto hakulia! Alilala!" Bibi Brigitha alikuwa amesimama, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Watu wote waligeuka kumtazama, na katika kumtazama kule Kandida aliona jambo likigeuka pamoja nao. Kwa nini bibi huyu alificha? Kila mtu ukumbini alijua maana ya alilala tu. Walikuwa wameisema wenyewe kwa midomo yao. Karatasi ya ofisi haina sababu ya kumpoza mtu, na kwa hiyo karatasi ndiyo iliyoaminiwa.

Yaliyofuata Kandida aliyapata kwa Alfonsi, ambaye alikuwa na shangazi yake Lumemo na safari hii hakuleta utani. Digna alikuwa ameacha kula na mama mkwe wake. Usiku anaamka, anafungua mlango, anasimama uani kusikiliza. Nikodemu alirudi kutoka kwenye miwa, akakuta nyumba imegawanyika, akamuuliza mama yake swali moja tu: mtoto aliita usiku kucha, wewe ulikuwa unafanya nini? Mama akajibu kwamba mtoto hakuita. Jibu hilo hilo kila siku, na kila alivyolirudia lilizidi kunuka. Majirani wakaanza kukumbuka kwamba bibi huyu alikwisha kuzika wajukuu wengine. Mwishowe wazee wa ukoo wakaamua apelekwe kunyolewa.

Kwa upande wetu huu mtu akisemwa kwa uchawi, ukoo unampeleka kwa mganga, ananyolewa nywele zote, anakunywa dawa, na mambo yanahesabika yamekwisha. Wengine husema ni heri hivyo kuliko panga. Labda. Lakini aliyenyolewa amenyolewa. Bibi Brigitha, mama wa Jumuiya ya kanisani, aliyebeba msalaba wa maandamano kila Ijumaa Kuu, alinyolewa akiwa amepiga magoti chini. Halafu akafunga vitu vyake, akavuka mto kwenda kukaa na mdogo wake Lupiro.

"Shangazi anasema hakubisha," Alfonsi alisema. "Alikaa tu kama anasukwa."

Kandida alifunga dodoso alilokuwa akiliandika. Kisha akaingia kwa Daktari Abdulkarim bila kubisha hodi na kumwambia yote: bibi alisema mtoto alilala, na mengine yote, maji, midomo, kuita, aliyatia yeye.

Daktari hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angemkaripia. Alipangapanga kalamu zake mezani.

"Alikuwa na homa, mtoto?"

"Alikuwa nayo."

"Basi sababu ya kifo haibadiliki. Malaria ni malaria." Akainua macho, na Kandida aliona kwamba naye anaumia. "Nikiwaandikia leo kwamba ukurasa ule ulitungwa, wataamini ukurasa gani mwingine? Na dawa ziko njiani, Kandida. Kuna watoto watakaozinywa. Mimi ndiye niliyetaka maneno yenye damu, najua. Nenda Morogoro. Usome. Uje ufanye kazi nzuri zaidi."

Kandida alitoka nje. Alichukua baiskeli akaenda Lumemo.

Digna alikuwa jikoni, anachochea moto chini ya chungu cha majani ya maboga. Alimkaribisha vizuri kuliko alivyostahili, akampangusia kigoda, akamhamisha mtoto mchanga upande wa pili ili mgeni akae pasipofika moshi. Kandida alisema haraka, kabla woga haujamrudia.

"Mama Teddy, nimekuja kukwambia kwamba nilidanganya. Mtoto wako hakukuita. Bibi aliniambia alilala mapajani mwake na hakulia, nami nikaongeza. Niliongeza ili ukurasa upendeze. Ndivyo tulivyofundishwa, tutafute maneno makali. Sikujua chochote. Yote yale yalitoka kichwani mwangu."

Digna alisukuma kuni ndani. Alikaa hivyo kitambo, akiutazama moto, na Kandida akangoja atukanwe. Alitaka atukanwe. Angepigwa kwa kuni ile angeshukuru.

"Asante, dada," Digna alisema. "Una moyo mzuri."

"Mama Teddy, sikupozi. Ninakwambia ukweli."

"Najua. Padri naye alikuja, akasema hivyo hivyo, mtoto hakuteseka. Mjumbe alikuja. Mama yangu mzazi alitoka Mahenge kuja kuniambia hivyo." Alipangusa macho kwa kiganja, kwa sababu ya moshi au kwa sababu nyingine. "Sikulaumu. Hata mimi nimewaambia wenzangu hivyo hivyo."

"Niape kwa nini ndipo unisadiki? Niape kwa Bikira Maria?"

"Usiape, utajitafutia dhambi bure." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Ulipoandika yale hukunijua. Hukuwa na sababu ya kunidanganya. Leo umeniona, umeona mtoto wangu huyu, umekaa jikoni kwangu. Leo ndiyo una sababu."

Kandida alikisogeza kigoda karibu na Digna. Yeye, Dikshenari, mwenye neno la kila aina ya kilio, hakuwa na hata moja la kumfanya mwanamke huyu aamini kwamba mwanawe alikufa usingizini. Alisema tena, "Hakukuita." Akarudia. Kila aliporudia, Digna alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayempokea mgonjwa maneno ya homa. Mwishowe alimpakulia ugali na mboga, na Kandida akala, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi la pili.

Siku iliyofuata alivuka mto kwa kivuko kwenda Lupiro. Alijiambia kwamba yuko mtu mmoja duniani asiyehitaji kushawishiwa. Bibi Brigitha alikuwepo. Bibi Brigitha anajua. Angempigia magoti, angemwomba msamaha, wangerudi wote wawili Lumemo, na maneno ya watu wawili yangekuwa na uzito kuliko ya mmoja. Kwenye kivuko wanaume wenye baiskeli zilizosheheni samaki wakavu walikuwa wanapiga soga, mmoja akamtania kwamba uso huo wa huzuni utazamisha chombo. Kandida aligeukia majini.

Alimkuta nyuma ya nyumba ya mdogo wake, ameketi kwenye kipande cha mkeka, miguu ameinyoosha. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, na pale kilipoachia ngozi ilionekana imeanza kuota vinyweleo vya mvi. Amekonda. Kandida alipiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alimtazama sana. "Wewe ni yule wa ofisi."

"Ni mimi, bibi. Nimekuja kukuomba msamaha. Uliniambia mtoto alilala, mimi nikaandika aliita. Nimekwenda kwa Digna, nimemwambia nilidanganya. Hakunisadiki. Nakuomba turudi wote tukamwambie pamoja. Nitasema mbele ya wazee, mbele ya padri, popote. Nitasema niliitunga ile sauti."

Bibi Brigitha hakuonyesha hasira. Alivuta khanga yake akafunika magoti, kama anayesikia baridi mchana ule wa jua kali.

"Waliisoma karatasi na wageni wakiwepo," alisema. "Ikasomwa vizuri. Hata mimi nililia."

"Ni uongo, bibi. Ni maneno yangu."

"Mimi ni mzee, mjukuu wangu. Masikio haya si ya zamani. Na usiku ule nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimefukuza ndege tangu alfajiri. Nilimweka hapa." Aliweka mkono kwenye paja, ukatulia pale. "Nikasema nitakesha. Lakini nilisinzia, unajua? Nilisinzia. Sikumwambia mtu."

"Hakuita, bibi."

"Utajuaje wewe? Hukuwepo."

Kandida alishika mkono ule uliokuwa kwenye paja, akaukumbatia kwa mikono yake yote miwili. Alilia bila aibu, akisema hapana, bibi, hapana, hakuita, naapa hakuita. Bibi Brigitha alimwacha alie. Alikuwa amegeuza uso upande wa mtoni, shingo imeinama kidogo, mdomo wazi, kama mtu anayeitwa kutoka mbali na hajui aitikie au la.

"Namsikia sasa," alisema. "Kila nikilala. Sauti imekwisha kabisa, kama ulivyoandika."